Eksteno moja si bakapu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye studio za picha, wakuu wa shule, makatibu wa SACCOS, waganga wafawidhi wa zahanati, na kila aliyehamishia kazi zake kwenye diski ya nje, yaani eksteno, akaamini kwamba amemaliza. Kazi yetu ni kutengeneza kompyuta na kuokoa mafaili. Diski mbovu inapoletwa mezani, mwenye nayo husema, "Lakini mimi nilifanya bakapu." Ukimuuliza nakala nyingine iko wapi, hana. Laptopu ilijaa, mafaili yakawekwa kwenye eksteno, na yale ya kwenye laptopu yakafutwa ili nafasi ipatikane. Hiyo si bakapu. Ni mafaili yaliyohama, tena yakahamia kwenye kifaa kinachodondoka kirahisi kuliko kile yalikotoka.

Bakapu ni nakala ya pili ya kitu ambacho cha kwanza bado kipo. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu hasara yake haina fidia. Picha za harusi ya watu hazipigwi mara mbili, na daftari la hisa za wanachama likipotea, kila mwanachama atakumbuka hisa zake kwa hesabu yake.

Tuanze na tabia ya kukata na kubandika. Ukikata folda kwenye laptopu na kuibandika kwenye diski nyingine, kompyuta haiibebi nzima nzima kama inavyoonekana kwenye skrini. Inanakili kwanza, halafu inafuta ya asili, faili baada ya faili. Kebo ikilegea katikati unabaki na nusu huku na nusu kule. Kibaya zaidi, mafaili ya mwisho yanayoonekana yameshafika huenda bado yalikuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hayajaandikwa kwenye diski, ilhali asili yake imeshafutwa. Kwa hiyo nakili, usikate. Kazi ya kunakili ikiisha, bofya kulia folda ya asili ufungue sifa zake (Properties), kisha fanya vivyo hivyo kwa nakala, ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti. Angalia mstari wa ukubwa wenyewe, si ule wa nafasi iliyochukuliwa kwenye diski. Huo wa pili hutofautiana kutoka diski moja hadi nyingine kwa sababu ya namna zilivyofomatiwa, na umewatia wengi wasiwasi usio na sababu.

Kwa faili moja kubwa lenye thamani, kama video ya harusi iliyokwisha kuhaririwa, kuna kipimo kikali zaidi ambacho tayari kimo ndani ya Windows. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike certutil -hashfile, ufuatishe jina la faili, halafu SHA256. Itakutolea mstari wa herufi na tarakimu 64. Toa diski ya nje kwa utaratibu, ichomeke upya, rudia amri hiyo kwa nakala. Mistari miwili ikifanana, faili ni lile lile mpaka baiti ya mwisho. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, nakala haifai, inakili tena. Kuchomeka upya kuna sababu: bila hivyo kompyuta inaweza kusoma kutoka kwenye kumbukumbu yake ya muda na kukupa jibu zuri kuhusu diski ambayo haijaigusa.

Sasa diski yenyewe. Eksteno nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni zile za inchi 2.5, zinazopata umeme kwa kebo ile ile inayopitisha data. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa pengo la nanometa chache tu. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Ndiyo maana diski iliyozimwa inaweza kudondoka na ikapona, lakini inayozunguka ikigongwa kidogo tu, kichwa kinaikwaruza sahani na unga unaotoka hapo unaendelea kuharibu sehemu nyingine. Ilaze bapa mezani. Usiiache ining'inie kwenye kebo pembeni mwa laptopu, usiiweke kitandani wala mapajani, na kebo isipite pale miguu inapopita. Ukishaitoa kwa utaratibu kupitia alama ya USB iliyo karibu na saa chini kulia, subiri kama sekunde kumi sahani zisimame kabisa ndipo uinyanyue.

Joto nalo. Diski nyingi za aina hii zimetengenezwa zifanye kazi kati ya nyuzi joto 5 na 35. Meza ya studio isiyo na feni mwezi wa pili Dar es Salaam au Mombasa iko ukingoni mwa kipimo hicho kabla hata diski haijaanza kujipasha yenyewe. Usiifunike kwa kitambaa wala kuirundikia karatasi inaponakili. Kwenye gari lililofungwa juani isikae hata kidogo. Ukitoka nayo chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje, iache ndani ya mfuko wake kwa nusu saa kabla ya kuiwasha, kwa kuwa unyevu wa hewa hujenga matone juu ya kitu baridi. Wa pwani wana adui mwingine, chumvi iliyo hewani, inayokula shaba ya matundu. Kasha la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba mipya, linatosha.

Diski zinakufa hata zikitunzwa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za wateja kwenye diski zaidi ya laki mbili, huchapisha takwimu zake kila robo mwaka. Mwaka 2023, kati ya kila diski 100 ilizokuwa nazo, karibu 2 zilikufa. Hizo zimo kwenye majengo yenye ubaridi na umeme usiokatika, na hazisogezwi. Zetu zinapanda bodaboda.

Ndiyo sababu tunashauri bila kusita: ni afadhali ununue mbili ndogo kuliko moja kubwa. Mbili za terabaiti moja kwa kawaida zina gharama kubwa kuliko moja ya terabaiti mbili, na mhasibu atauliza kwa nini. Mjibuni kwamba moja ikifa, nyingine ipo. Kanuni inayotumika duniani kote ni ya nakala tatu: ile ya kazini kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski, na ya tatu nje ya jengo hilo. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mwizi anayebeba laptopu anabeba pia eksteno iliyo kando yake, na moto au mafuriko hayachagui droo. Ziandikeni A na B kwa kalamu isiyofutika. A inafanya kazi wiki hii, B ikiwa nyumbani kwa mtu mwenye dhamana au kwenye tawi jingine. Ijumaa mnabadilishana. Siku yoyote jengo likipatwa na lolote, mnachopoteza ni kazi ya wiki moja.

Ukubwa upigwe kwa kalamu kabla ya kwenda dukani. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inazalisha gigabaiti 45 kila saa. Kamera mbili zikirekodi saa nne kila moja, hizo ni gigabaiti 360. Ongeza picha 2,000 za faili ghafi la megabaiti 25 hadi 30, ni kama gigabaiti 50 au 60 nyingine. Kwa hiyo terabaiti moja inabeba harusi mbili za namna hiyo, na ya tatu haitoshei. Shule ya wanafunzi mia nane yenye matokeo, barua na picha za usajili haifiki hata gigabaiti 100, hivyo haihitaji kushawishiwa inunue terabaiti nne. Tena msishtuke diski ya terabaiti moja ikionyesha gigabaiti 931. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, hakuna kilichoibwa.

Kilichoibwa kiko kwingine. Mitandaoni na kwenye baadhi ya meza za barabarani zinauzwa diski nyepesi, nzuri, zenye maandishi ya terabaiti 16 au hata 30, kwa bei ya chini kuliko terabaiti moja halisi. Ukizifungua unakuta kadi ya kumbukumbu kama ya simu, ya gigabaiti 64 au 128, imegandishwa kwa gundi kwenye bodi ndogo iliyobadilishwa programu idanganye kompyuta. Inapokea mafaili yote unayoipa bila kulalamika. Majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, ila kadi ikishajaa, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inatupwa tu. Mwenye nayo anagundua siku anapofungua faili. Kipimo chake ni programu ya bure iitwayo H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac. Inaijaza diski nzima kwa mafaili ya majaribio, kisha inayasoma moja moja na kukuambia ni kiasi gani kilirudi salama. Kwa diski halisi ya terabaiti moja, kuandika na kusoma kunaweza kuchukua saa sita au zaidi. Iache ifanye usiku kucha, ukiwa bado na risiti na kabla hujaweka kitu chochote. Diski yoyote mpya, hata ya dukani kwa jina kubwa, isiingie kazini kabla ya kupita hapo, maana kipimo hicho hicho hufichua pia ile iliyodondoka njiani kabla ya kukufikia.

Ikifaulu, ifomati kwa mfumo wa mafaili unaofaa matumizi yake. Ikibaki kwenye Windows peke yake, NTFS. Ikitembea kati ya Windows na Mac, exFAT, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini haiandiki bila programu ya ziada. FAT32 achaneni nayo kwa video. Faili lolote la gigabaiti 4 au zaidi litakataliwa hata diski ikiwa tupu, na hapo ndipo watu hudhani diski ni mbovu. ExFAT ina udhaifu wake: haina daftari la ndani la kuirudisha sawa ikikatizwa katikati ya kuandika. Ukiichomoa ghafla, folda nzima inaweza kutoweka. NTFS huvumilia zaidi, ingawa nayo haipaswi kujaribiwa.

Sehemu inayosingiziwa kuliko zote ni diski, na inayokosa kuliko zote ni kebo. Tundu la eksteno nyingi za USB 3.0 ni lile pana, bapa, lenye mwanya karibu na upande mmoja, kama vichwa viwili vilivyounganishwa. Halina nguvu. Likichomekwa kwa kupapasa, au kebo ikivutwa kwa pembeni, risasi ya solda inayolishikilia kwenye bodi inapasuka, na unaanza kusikia kompyuta ikilia mlio wa kuunganisha, wa kutoa, wa kuunganisha tena. Badilisha kebo kwanza. Tumia fupi, ya sentimita 30 hadi 45, ya aina ile ile iliyokuja nayo. Ya mita mbili hupunguza umeme njiani. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha matundu manne kinacholisha pia kipanya, flashi na chaja ya simu. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na diski inapoanza kuzunguka huhitaji kufika huko juu. Umeme usipotosha, diski inajaribu kuwaka, inashindwa, inajaribu tena, na mlio wake unafanana sana na wa diski inayokufa. Diski kadhaa zilizokwisha kutupwa kwa sababu hiyo zilikuwa nzima.

Tundu linaamua pia muda. Kupitia USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu, diski ya kuzunguka huandika kama megabaiti 100 kwa sekunde, hivyo terabaiti nzima ni karibu saa tatu. Kupitia USB 2.0 ni kama 30 hadi 35, na kazi hiyo hiyo inapita saa nane. Mafaili madogo madogo maelfu huchukua muda zaidi ya faili moja kubwa la uzito ule ule. Msikate tamaa mkachomoa. Na kama ni kompyuta ya mezani, iwekewe UPS, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika, au msubiri saa ambazo umeme kwenu huwa tulivu. Laptopu yenye betri nzuri ni salama zaidi kwa kazi hii.

Kwa anayetumia Windows, kunakili kwa kuburuta kila wiki kunachosha na hatimaye kunaachwa. Amri moja inatosha:

robocopy D:\Kazi E:\Kazi /E /R:2 /W:5 /LOG:D:\orodha.txt

Hiyo inapeleka folda ya Kazi na vyote vilivyomo kwenye diski yenye herufi E, ikiruka yasiyobadilika. R:2 na W:5 zinaiambia ijaribu mara mbili tu kwa faili linalogoma, ikisubiri sekunde tano kati ya jaribio na jaribio. Bila maneno hayo, amri hiyo kwa kawaida yake hujaribu mara milioni moja ikisubiri sekunde 30 kila mara, na mtu anakuta asubuhi imekwama kwenye faili la kwanza bovu. Mwishoni fungueni orodha.txt mwone idadi ya yaliyoshindikana. Mtaona mitandaoni watu wakishauri kuongeza /MIR. Ogopeni hiyo. Inafanya diski ya nje ifanane kabisa na kompyuta, maana yake ukifuta folda kwa bahati mbaya kwenye kompyuta, nayo inaifuta kwenye bakapu. Ukikosea herufi za diski ukaweka tupu mahali pa iliyojaa, inafuta kila kitu.

Lakini hata /E inaandika toleo jipya juu ya la zamani. Daftari la mahesabu likiharibika Jumatatu na likanakiliwa Ijumaa, uharibifu nao umenakiliwa. Kwa nyaraka za ofisi, ambazo ni ndogo, fungueni folda mpya kila mwezi yenye mwaka na mwezi kwenye jina, kama Kazi-2025-03, na mziache zile za nyuma zikae. Wenye Mac wana Time Machine, inayotunza matoleo ya zamani yenyewe. Windows nayo ina chombo cha historia ya mafaili (File History) tangu Windows 8. Kiwasheni kupitia Control Panel mkielekeze kwenye diski A.

Kazi ikiisha, diski itoke. Hili tunalirudia kwa kila mteja. Mei 2017, programu haramu ya WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na zilizokuja baada yake zinafanya vivyo hivyo: zinafunga kila diski iliyochomekwa wakati huo. Eksteno inayokaa imechomekwa mwaka mzima inafungwa pamoja na kompyuta.

Virusi vya mitaani kwetu vina sura nyingine. Umepeleka diski steshenari kuchapisha, umerudi, folda zote zimegeuka vijikato (shortcut) vyenye mshale mdogo kwenye kona, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Watu huona folda zimeliwa, wanafomati. Usifomati, na usibofye mshale hata mmoja, maana kubofya ndiko kunakoiambukiza kompyuta. Mara nyingi folda halisi zimo, zimefichwa tu. Kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, safisha diski kwanza, kisha fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya diski yako mahali pa E. Zitaonekana. Zingine huwa zimewekwa ndani ya folda moja isiyo na jina, fungua humo. Baada ya hapo peleka steshenari flashi ya gigabaiti 8 yenye faili moja la kuchapisha. Diski ya bakapu haina kazi steshenari.

Kuhusu siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zahanati inayotembeza majina na vipimo vya wagonjwa kwenye diski isiyofungwa, ikaisahau kwenye daladala, imewaweka wazi watu waliomwamini mganga. Windows za daraja la Pro zina BitLocker ya kufunga diski ya nje kwa nenosiri. Bofya kulia diski utaiona. Itakupa ufunguo wa akiba wa tarakimu 48. Uchapishe kwenye karatasi, uuweke kabatini, kamwe si ndani ya diski hiyo hiyo. Asiye na Pro atumie VeraCrypt, programu ya bure. Nenosiri lijulikane kwa watu wawili, kwa sababu katibu akihama nalo, mafundi hatuna njia ya kulivunja.

Mara moja kwa mwezi pimeni afya ya diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Tazameni mistari mitatu: 05, C5 na C6. Ya kwanza ni sehemu mbovu zilizokwisha kuhamishwa, ya pili ni zinazosubiri kuamuliwa, ya tatu ni zilizoshindikana kabisa. Zote ziwe sifuri. C5 ikipanda, nakilini kila kitu siku hiyo hiyo, na diski hiyo iondolewe kazini hata kama inaonekana inafanya kazi vizuri.

Na ikigoma? Ujumbe unaotokea zaidi ni Windows kukuambia ni lazima ufomati diski kabla ya kuitumia. Kataa. Mara nyingi orodha ya mafaili ndiyo iliyovurugika, yenyewe yamo. Usiendeshe pia chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwa kuwa inarekebisha orodha kwa kuandika juu yake, na kwenye diski dhaifu inamalizia kilichobaki. Kuna programu za bure: PhotoRec husoma bila kubadilisha, na TestDisk haibadilishi diski mpaka wewe uiamuru kuandika. Mafaili yanayookolewa yaandikwe kwenye diski nyingine, hata siku moja si ile ile. Kama C5 imepanda, fundi atengeneze kwanza nakala nzima ya diski kwa programu ya ddrescue, kisha afanye uokoaji kwenye nakala. Ikiwa inagonga "tak, tak, tak" kwa mpangilio, na umeshabadilisha kebo na tundu, izime uiache. Kila ukiiwasha, kichwa kinakwaruza zaidi. Usiigandishe kwenye friji kama baadhi wanavyoshauri, kwa kuwa maji yataganda juu ya sahani. Usifungue kifuniko, kwani chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko pengo lile tulilolitaja. Usikubali fundi abadilishe bodi ya umeme tu kwa ya diski inayofanana. Bodi za sasa zina chipu yenye vipimo vya diski hiyo peke yake, na isipohamishwa diski haitasoma.

Wapo wanaotuuliza kama SSD ya nje imemaliza haya yote. Haina kichwa wala sahani, inavumilia kudondoka, na kwa kubeba kazi kutoka studio hadi kwa mteja ndiyo bora. Lakini inatunza data kwa chaji ya umeme, nayo huvuja taratibu ikikaa miaka bila kuwashwa, hasa kwenye joto. Kwa kumbukumbu za kuweka kabatini, diski ya kuzunguka bado tunaiamini zaidi. Simu nyingi za Android huweza kusoma flashi au SSD kupitia tundu la chaji, ila eksteno ya kuzunguka mara nyingi huhitaji umeme kuliko simu inavyoweza kuipa.

Hifadhi ya mtandaoni ifanye kazi inayoiweza. Gigabaiti 15 za bure za akaunti ya Google zinatosha matokeo ya shule, katiba na mahesabu, na hapo umepata nakala ya nje ya jengo bila gharama. Kwa video, piga hesabu: gigabaiti 500 kupitia laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni siku nne na nusu mfululizo, mbali na bei ya bando.

Tunaomba wanaopitisha bajeti waandike diski mbili kwenye fungu la vifaa, pamoja na jina la mtu mwenye wajibu nazo. Mtu huyo apewe daftari lenye safu nne: tarehe, diski A au B, mafaili matatu aliyoyafungua kwenye kompyuta nyingine kujaribu nakala, na mahali diski ilipolala usiku huo. Mwezi ukipita bila mstari mpya, mkuu aulize siku hiyo hiyo.

Mafundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam